Orodha ya Waliokubali

Tukuyu, 6 Februari 2024

Mwanangu Neema,

Ugonile? Mimi mzima, ila kifua kinanibana na mvua hizi. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Yohane wa basi karatasi hii akuletee.

Nyumba za huku Bondeni zinaondoka. Kuna tajiri anajenga maduka, nami kama mwenyekiti wa kitongoji nimeshaelewana naye. Njoo uchukue kabati la marehemu mama yako kabla ya tarehe ishirini, na usije na maneno. Jirani yetu Beatrice anazunguka kwa wasaidizi wa sheria, eti ana haki. Watu waliokuja hapa kuchuma chai, leo wanadai ardhi!

Baba yako,
Andongwisye

Mbeya, 11 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Pole na kifua. Huku tunaendelea vizuri.

Umeelewana naye kama nani? Kiwanja cha nyumba yetu alinunua Mama, na karatasi ya mauziano ina jina lake. Kukosa hati hakutufanyi wavamizi. Nimemuuliza wakili hapa, akaniambia watu waliokaa miaka thelathini hawaondolewi kwa sababu tajiri amewatamani. Wakubali kuuza wenyewe, la sivyo baraza la ardhi liamue. Sasa nani amekubali? Mkutano ulifanyika lini?

Nasikia wewe umeshapewa kiwanja Lufingo. Hongera.

Binti yako,
Neema

Tukuyu, 15 Februari 2024

Neema,

Salamu zako nimezipata, na kiburi chako pia. Sheria umeisomea wapi, kwenye hiyo saluni unakosuka watu? Mkutano ulifanyika Januari. Watu arobaini walitia sahihi, asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Orodha ina muhuri, mpelekee huyo wakili wako habari hiyo.

Beatrice alipiga kelele mpaka jana. Leo asubuhi tingatinga limemnyamazisha. Kabati nimeliweka nje, likinyeshewa shauri yako.

Baba yako

Mbeya, 3 Machi 2024

Baba,

Shikamoo hii ni ya mazoea, usiitie maanani. Kifua sikuulizi.

Beatrice analala kwa dada yake, Agness, chumba kimoja na wajukuu. Lakini ndiye aliyefungua shauri, nami nikaenda kuwa shahidi. Wewe hukutokea. Orodha yako ililetwa na wakili wa tajiri, tena kwa mbwembwe. Mwenyekiti wa baraza la ardhi akaisoma, akafika jina la saba.

"Atupakisye, dole gumba, tarehe kumi na mbili Januari. Huyu yupo?"

Nikasimama. "Yupo makaburini Ikuti, mheshimiwa. Mwaka wa tatu sasa."

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa katibu wa kwaya, Baba. Aliandika vizuri kuliko wewe. Hata ulipomghushi, sahihi ulimnyima.

Zuio limetolewa. Hakuna nyumba nyingine itakayoguswa mpaka shauri liishe. Ya Beatrice ndiyo hivyo tena, imebaki matofali.

Neema

Tukuyu, 10 Machi 2024

Mwanangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta na afya njema. Unakula vizuri? Huko baridi imezidi?

Polisi wameniita mara mbili. Tajiri hapokei simu. Kanisani nikikaa benchi, watu wanasogea. Mimi ndiye niliyekusomesha, Neema. Wakikuita, waambie mama yako aliniachia ruhusa kabla hajafa. Neno hilo moja tu, na mambo yataisha kifamilia.

Baba yako mzazi,
Andongwisye

Mbeya, 14 Machi 2024

Baba,

Barua yako imenikuta mzima.

Polisi wameniita, nami nimekwenda. Nimewaambia Mama hakumwachia mtu yeyote ruhusa ya kuiuza nyumba yake. Wakaniuliza dole lile ni la nani. Nikawajibu sijui, ila waanze kulilinganisha na la kwako.

Ni mimi,
Binti wa Atupakisye