Barua Ambazo Mtambo Haukuzielewa

Jumatatu, 3 Machi
Chai, kisha seva. Kichujio cha barua pepe bado kikaidi. Kila barua ya kiwanda sasa inapita kwake kwanza. Inayotiliwa shaka inazuiwa, nami naamua. Wiki jana tapeli alijifanya msafirishaji wetu, akataka tubadilishe akaunti ya malipo. Alijua hata mzigo gani wa chai umetoka. Meneja anasema kuna mtu wa ndani. Kikulacho ki nguoni mwako. Namwamini.

Jumanne, 4 Machi
Barua tatu zimezuiwa. Zote za Chelangat wa mauzo. Mtambo umeandika: lugha haitambuliki. Ni Kipsigis. Mimi Mgikuyu wa Kipkelion, nimezaliwa huku, lakini Kipsigis changu ni cha sokoni tu. Mbona asiandike Kiswahili kama watu wengine? Sipendi.

Alhamisi, 6 Machi
Nyingine mbili, kutoka anwani ileile ya Chelangat. Neno moja nalijua: rabisiek. Pesa. Nimempelekea meneja.
Mchana Chelangat ameniletea mursik, maziwa yao ya kibuyu, kama kawaida yake. Nimekunywa bila kumtazama.

Ijumaa, 7 Machi
Amerudishwa nyumbani Silibwet mpaka uchunguzi uishe. Alisimama mezani kwangu.
"Wangari, si ungeniuliza tu?"
Niligeukia skrini. Nimemkasirikia siku nzima, sijui kwa nini.

Jumatatu, 10 Machi
Tapeli ameandika tena. Kichujio kimemnasa. Nimemfuatilia: barua imetoka kwenye sanduku la msafirishaji mwenyewe. Wao ndio walioingiliwa. Habari zote za mizigo yetu zilikuwa huko. Chelangat hahusiki kabisa.
Na zile barua zake? Nilimwita Koech, askari wa geti, anisomee kwenye simu yangu. Alisoma polepole, akanirudishia simu.
"Madam, hii anaandikia dada yake. Mama yao ako na kansa. Anaomba wachange pesa ya hosi. Na anasema watu ya ofisi wasijue."
Sasa tunajua, mimi na Koech. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka. Mjinga mimi.

Alhamisi, 13 Machi
Chelangat amerudi kazini. Meneja ameomba msamaha. Mimi pia. Akasema ni sawa, akawasha kompyuta yake.
Nimeelekeza kichujio kipitishe Kipsigis. Mchana nimekula peke yangu. Kufikia saa kumi alikuwa amemwandikia dada yake mara mbili. Hakuna kilichozuiwa. Vichwa vya barua zote mbili vilikuwa vya Kiingereza, si Kipsigis tena.