Maua Yangu kwa Jina la Orpha

Fenwick Hollow, Vermont
9 Juni, 1857

Mpendwa Shangazi Philena,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumba ile ile alimozaliwa baba. Je, homa imekuachia? Usingizi unaupata? Sisi huku tu wazima wa mwili. Wifi yako, mama yangu, anahangaika na jibini zake kama kawaida, na goti limempoa kidogo.

Ila moyo wangu mgonjwa, Shangazi, na wa kumwambia ni wewe tu.

Unajua nimechora maua ya porini kwa rangi za maji miaka saba sasa. Kipupwe kilichopita dada Orpha alikuja kutoka Boston, akaomba michoro kumi na minne. "Nipe nikawaonyeshe rafiki zangu, mdogo wangu. Nitaitunza." Nilimpa kwa mikono miwili.

Mwezi wa Mei nikaenda kumtembelea bila kumwarifu. Mjakazi akaniambia ameenda kwenye maonyesho ya picha, nami nikamfuata huko. Ukutani nikakuta maua yangu yote, na chini ya kila mchoro pameandikwa: Bibi Orpha Lathrop. Mwenyewe kasimama katikati ya watu, anapokea pongezi.

Bibi mmoja mzee alikuwa akilichungulia ua langu la kinamasini. "Bibi Lathrop, hili tundu kwenye jani ni la nini?"

"Ah, hapo brashi iliniteleza," Orpha akajibu.

Shangazi, kwa ajili ya jani lile nilipiga magoti kwenye tope siku mbili. Nikasema, "Brashi haikuteleza. Jani lililiwa na kiwavi. Nilimwona akila."

Orpha akanivuta pembeni. "Unaniaibisha mbele za watu. Wewe na ng'ombe zako huko, jina litakusaidia nini?" Pole hakuniambia.

Mama naye anataka nikamwombe radhi, eti nimemvunjia mkubwa wangu heshima. Hilo limeniliza kuliko hata picha zenyewe.

Jumatatu kikaja kifurushi: karatasi kumi na mbili na kijibarua. Orpha ameagizwa maua mengine. Nimchoree upesi, ya nyuma tuyasahau. Nilizipapasa karatasi zile, Shangazi. Maishani sijapata kuwa na nzuri kama hizo. Nikamrudishia zote, tupu.

Nisalimie sana Binamu Sabra na mzee Eliphalet. Mungu awape afya, na mahindi yenu yasiguswe na baridi ya jalidi.

Wako akupendaye daima,
Keziah