Sauti ya Bonde la Ndani

Arusha, 12 Juni 1994

Mama mpendwa,

Mwangaluka mayu. Mimi mzima, sijui ninyi hapo Nkoma, na mgongo wako, na pamba imefikia wapi.

Kazi nimeizoea. Kampuni yetu ni mpya, siku hizi Arusha kampuni zinafunguliwa kila mwezi. Nawatembeza wazungu kwa miguu ndani ya hifadhi, mlima Meru, na askari mwenye bunduki anatangulia kwa ajili ya nyati. Wanachopenda zaidi ni bonde la ndani, chini ya kasoko, lile shimo la volkano. Miti imeota ndevu, mbega wanaruka juu, na ukungu ukishuka humwoni aliye mbele yako.

Mama, Jumanne saa sita mchana tumekaa tunakula, nikasikia mtu anaita ng'ombe. Kisukuma kabisa. "Operesheni! Jumapili! Shemeji, rudi!" Bibi mmoja mzungu akaniuliza, "Kumbe humu kuna wafugaji?" Nikamwambia hapana, hairuhusiwi. Askari alitazama chini.

Hao ni ng'ombe wetu, mama. Ni majina aliyowapa kaka Mabula. Tangu aondoke mwaka 87, amewahi kukuandikia hata mara moja na hukuniambia?

Mimi mwanao,
Milembe


Nkoma, 30 Juni 1994

Mwanangu Milembe,

Mwangaluka. Sisi hatujambo, mgongo ni uleule. Pamba tumeshaanza kuchuma, na mwaka huu wamekuja wanunuzi wenye malori yao, kila mmoja anasifia mizani yake.

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaenda kisimani, nikarudi nikaisoma tena. Mabula hajaniandikia. Ningekuficha kwa nini? Miaka saba kila lori likisimama barabarani natoka kuangalia nani anashuka.

Majina yale tulikuwa tunayajua watu wanne: mimi, wewe, Mabula na marehemu baba yako. Baba yako nilimzika mwenyewe, naye hakuwahi kufika huko Arusha. Basi ni nani?

Ukimsikia tena usimwitikie. Muulize yule askari. Mtu anayetazama chini ana neno.

Mimi mama yako,
Felisita


Arusha, 24 Julai 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umekaa. Kama hujakaa, kaa kwanza.

Askari anaitwa mzee Kristofa. Nilimbana siku tuliposhuka bila wageni. Akasema, "Binti, yule ni Msukuma wetu. Mwaka 88, walipokuwa wanakata njia za kupita watalii, vibarua wawili walipotelea bondeni kwenye ukungu. Mmoja hatukumwona tena. Mwingine tulimkuta siku ya tatu korongoni, mguu umevunjika, uhai umebaki kidogo. Nikamuuliza, unaitwa nani, kwenu wapi? Akasema, Mabula, Nkoma. Alifia mikononi mwetu tukimpandisha." Nikamuuliza mbona hamkutuandikia. Akasema aliyewaajiri alihama na makaratasi yake yote, na yeye Nkoma hakuijua iko mkoa gani.

Wamemzika palepale, mama. Nimeona rundo la mawe chini ya mti wa mtarakwa. Nililia mpaka mzee Kristofa akanivuta tuondoke, maana ukungu ulikuwa unashuka. Hatujafika mbali, ile sauti ikaita tena nyuma yetu. Operesheni, Jumapili, Shemeji. Halafu ikasema kitu ambacho siku ya kwanza sikukisikia: "Milembe, fungua zizi."

Sikuitikia. Lakini mama, ni kazi yangu ya utotoni hiyo.

Mimi mwanao,
Milembe


Nkoma, 20 Agosti 1994

Mwanangu,

Mabula tumemlilia. Nimenyoa nywele. Watu walikaa siku nne, wengine walitoka Migato na hata Maswa, na padri amesoma misa. Habari imesambaa, hata wenye malori ya pamba wanashuka kunipa pole.

Nilidhani nikishajua nitalala. Silali. Niambie kama baada ya misa amenyamaza.

Mama yako,
Felisita


Arusha, 11 Septemba 1994

Mama,

Shikamoo. Hajanyamaza. Mwanzoni sauti ilikuwa ng'ambo ya mto, sasa iko upande wetu. Wageni wanasimama kusikiliza, na wiki iliyopita mmoja alipiga picha ukungu mtupu, akasema amemwona mtu mwenye fimbo. Kampuni inataka tubadilishe njia. Mimi sitaki, nitakuwa nimemkimbia.

Kitu kimoja kinanisumbua na sina wa kumwambia. Kaka alikuwa na kigugumizi. Huyu hana.

Mwanao,
Milembe


Nkoma, 2 Oktoba 1994

Milembe mwanangu,

Salamu nitakupa siku nyingine. Mabula amekuja. Yu hai. Alhamisi saa nne asubuhi nilikuwa naanika mahindi, akasimama uani, mwembamba, ndevu mpaka kifuani. Akasema, "Ma-mayu, nimesikia Geita kwamba mmenililia." Walimwambia wachimbaji wenzake wa dhahabu, nao walisikia kwa watu wa malori. Nilimshika mikono, nilimshika masikio, nikamnusa kama mtoto mchanga. Ni yeye.

Nikamuuliza, uliyemwacha bondeni ni nani? Alikaa chini hapohapo kwenye mahindi.

Anaitwa Luhaga. Hakujua wazazi wake, alilelewa huku na huku. Walikata njia pamoja, na kila mchana wakila, Luhaga alikuwa anasema, "Nihadithie kwenu." Mabula anamtajia ng'ombe mmoja mmoja, na jinsi wanavyorudi, na wewe unavyofungua zizi. Siku ile Luhaga alianguka korongoni. Mabula akamwambia, "Nisubiri, naleta watu." Akapotea kwenye ukungu siku mbili, akatokea upande wa pili wa mlima. Akaogopa watasema amemuua. Akapanda lori, hajasimama mpaka Geita, na aibu ikamzuia kuandika hata kwetu.

Kumbe yule mtoto alipoulizwa kwao, hakuwa na kwao pa kutaja. Akataja kwetu, na jina la mwenzake Mabula.

Mabula anakuja huko. Sikumtuma. Mpokee.

Mama yako,
Felisita


Arusha, 6 Novemba 1994

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumeshuka bondeni juzi, mimi, kaka na mzee Kristofa. Kaka alipoyaona yale mawe alipiga magoti akaanza kuyapanga upya, polepole.

Saa sita ukungu ukashuka. Sauti ikaita karibu sana, kama mtu aliye nyuma ya mti. Ng'ombe wote watatu, halafu, "Milembe, fungua zizi." Nilimshika kaka mkono asiitikie. Akauondoa. Akasimama akasema, safari hii bila kigugumizi hata kidogo, "Wameingia wote, Luhaga. Funga."

Mbega walinyamaza, hata mto niliusikia kwa mbali. Halafu, mama, tukasikia magogo yanasukumwa, moja, la pili, la tatu, jinsi lango la zizi linavyofungwa. Mzee Kristofa alivua kofia.

Tangu siku hiyo hajaita. Wageni wanapita, wanakula, wanapiga picha za maua. Lakini kaka amekataa kurudi Nkoma. Ameomba kazi ya kufyeka njia, na wamempa. Nimembembeleza sana, hata wewe nimekutaja. Anasema, "Nilimwambia anisubiri. Siwezi kumwacha mara mbili."

Nimeshindwa, mama. Mwandikie wewe, labda atakusikia.

Mimi mwanao,
Milembe


Nkoma, 27 Novemba 1994

Mwanangu Milembe,

Mwangaluka. Mvua imeanza, mgongo umeanza nao.

Mabula sitamwandikia kumwita. Nilikuwa na mtoto asiyejulikana alipo. Sasa najua alipo, na anachofanya ni kazi ya mtu. Mwambie tu kila mwezi anitumie barua, hata ya mstari mmoja, na ale.

Jumapili padri amesoma misa nyingine. Nilimwandikia jina mwenyewe kwenye karatasi asije akakosea: Luhaga, mtoto wa Felisita wa Nkoma. Watu waligeuka kunitazama. Waache wageuke.

Dereva wa lori anakuletea mablanketi mawili, maana nasikia huko kuna baridi. Moja la Mabula. La pili mlitandike juu ya yale mawe, mlikandamize pembeni upepo usilichukue.

Wewe Krismasi uje. Wewe sijakuruhusu kukaa huko.

Mimi mama yenu,
Felisita