Kisanduku Kilichokataa Kuzimika

Maisaka, Babati
Jumatatu asubuhi

Mpendwa dada yangu Yustina,

Shikamoo dada. Naomba kwa Mungu barua hii ikukute magoti hayakusumbui, na mama anakula bila kubembelezwa. Mimi huku ni mzima. Kile kikohozi kimekwisha kabisa, na baridi ya hapa nimeshaizoea, ingawa lile shuka zito ulilonipa bado silitoi kitandani. Mmevuna maharage? Na mjukuu wako amekwishaota jino? Hilo usisahau kunijibu, maana kila barua nauliza na kila barua unanijibu habari za paa.

Dada, barua yako niliipata, nikaisoma mara tatu. Unataka neno langu kuhusu mama, kwamba kaka Filbati anataka kumchukua akakae naye Tabora, na wewe unaona ni vyema. Nilichelewa kujibu kwa sababu sikuwa na neno. Sasa ninalo, ila nitaanzia mbali kidogo, univumilie. Ungekuwa jirani ningekusimulia tukichambua mchele.

Unamjua kwa kumsikia Bibi Naomi, huyu mama mzee ninayemtunza, huu mwaka wa sita. Nilikuandikia kwamba alianguka bafuni akavunjika nyonga. Daktari alisema alale chumbani kwake, na habari ya kumbeba kumpeleka sebuleni tusiisikie mpaka mfupa ushike. Hapo ndipo shida ilipoingia. Watoto wake wote wako mbali, na kila Jumapili walikuwa wanaonana naye kwenye kompyuta ya marehemu mzee, iliyoko sebuleni. Tangu aanguke wakawa wanampigia simu ya kawaida. Sasa Bibi masikio yamechoka. Asipouona mdomo wako hajui unasema nini. Wanamwuliza amelalaje, yeye anawaeleza mbuzi wa jirani. Nikijaribu kwa bando la simu ili waonane, mle chumbani picha inaganda, mtu anabaki mdomo wazi kama anapigwa sindano.

Basi binti yake mkubwa, Mama Glori, anayeishi Dodoma, akaona akili ya mama yao imeanza kuondoka. Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada Stazia, Jumapili tuna kikao cha familia. Nadhani mama tumhamishie kwangu. Wewe usiwe na hofu, hatutakuacha bila nauli ya kurudi kwenu."

Sitakuficha, dada yangu. Niliogopa kwa ajili ya Bibi, na niliogopa kwa ajili yangu pia. Nilijiuliza nikirudi nitafika kwako na begi lile lile nililotoka nalo. Bibi alielezwa. Aligeukia dirishani mpaka chai ikapoa.

Ni mdogo wake Mama Glori, Baba Kelvini, aliyesema tusikate shauri kabla hawajamwona mama yao uso kwa uso. Akaniagiza nikanunue rauta. Nitakueleza kama nilivyoelezwa mimi. Pale sebuleni pana kisanduku kinaitwa modemu. Kinapokea intaneti kutoka kwenye waya unaotokea ukutani, halafu kilikuwa kinaipeleka kwenye kompyuta kwa waya mfupi. Bila waya hupati kitu. Rauta ni kisanduku cha pili, kina antena mbili kama pembe. Unaiunganisha na modemu, nayo inaitawanya intaneti hewani mpaka vyumbani. Fundi alisema atapata nafasi baada ya kikao. Kwa hiyo nikabaki mimi na elimu yangu ya darasa la saba.

Ijumaa nikapanda bajaji mpaka karibu na stendi, kwenye duka la mzee mmoja anaitwa Bwana Hamisi. Mtu mwema sana, ana tasbihi mkononi muda wote. Alinionyesha nyuma ya rauta. "Mama, unaona matundu manne yamefanana, na moja lina rangi yake peke yake? Hilo la peke yake ndilo la waya wa modemu. Ukikosea ukachomeka kwa hao ndugu wanne, utakaa hapo mpaka Idi."

Nikamwambia sisi kwetu tunangoja Pasaka. Akacheka. Akaendelea, "Lakini sikiliza. Modemu yako imezoeana na kompyuta. Ukiileta rauta ghafla itaikataa, haiijui. Kwa hiyo zima modemu kabisa, kaa kama dakika mbili isahau. Ndipo uunganishe, uwashe modemu kwanza, taa zitulie, mwisho kabisa uwashe rauta."

Nikarudi na maneno hayo kichwani kama ujumbe wa posa. Nikachomoa waya kwenye kompyuta, nikazima swichi ya ukutani. Saa sikuwa nayo mkononi, basi nikafumba macho nikasali fungu moja la rozari, Salamu Maria kumi. Nilipomaliza nikaunganisha waya kwenye lile tundu la peke yake, nikawasha swichi, kisha rauta. Pembe zikasimama, taa zikawaka. Nikaenda chumbani na simu kubwa aliyoletewa Bibi, nikaandika yale maneno ya siri yaliyobandikwa chini ya rauta. Simu ikasema imeunganishwa, lakini intaneti hakuna.

Nikarudia. Mara ya pili nikasali mafungu mawili, nikadhani labda modemu hii ina kumbukumbu nzuri. Mara ya tatu nikamaliza rozari nzima. Hakuna kitu. Bibi akaniita kutoka chumbani, "Stazia, hao watakatifu wako wamekujibuje?" Yeye ni Mlutheri, hunitania hivyo kila siku. Nikamjibu wanatafuta mtandao. Lakini nilipofika jikoni nililia kidogo, dada, nikijifanya ni vitunguu, na siku hiyo tulipika mlenda.

Jumamosi mchana, kikao ni kesho yake, nilikuwa napiga pasi nguo za kanisani. Umeme ukakatika. Friji ikanyamaza, redio ikanyamaza, pasi ikaanza kupoa mkononi. Nikageuza kichwa, nikaiona modemu inawaka taa zake zote. Umeme hakuna Maisaka nzima, na yenyewe inakonyeza tu.

Nikaufuata waya wake kwa kidole. Haukwenda ukutani moja kwa moja. Ulipita nyuma ya kabati, ukaingia chini ya kitambaa cha kufuma. Unajua wazee. Kila kitu katika nyumba hii kina kitambaa alichofuma Bibi mwenyewe, redio, mtungi, mpaka pipa la unga. Hicho cha nyuma ya kabati miaka yote nilikuwa nafuta vumbi pembeni yake tu, nikijua ni kitu cha marehemu mzee, sikutaka kukigusa. Nikaomba radhi kimoyomoyo nikakifunua. Ni betri. Mzee aliiweka ili umeme ukikatika modemu isizimike. Kwa hiyo Ijumaa yote nilikuwa nazima ukuta, na modemu inakula betri, inanisikiliza rozari. Na mimi nimefumba macho, sikuona kwamba taa hazikuzimika hata mara moja.

Nilipomweleza Bibi alicheka mpaka nikaihofia nyonga yake. "Sisi tunasali macho wazi," akasema, na huo ni uongo, nimewaona.

Umeme uliporudi nikachomoa waya wa betri, taa zikafa zote. Safari hii nikasali huku nimeikodolea macho. Nikawasha modemu, taa zikatulia. Nikawasha rauta. Nikaingia chumbani, na kabla sijakaa simu ikaita. Ni Baba Kelvini, anajaribu tu. Uso wake ukatokea pale, safi. Bibi akamtazama, akamwambia, "Mbona umenyoa vibaya hivyo?" Baba Kelvini akaondoka kwenye picha. Tulimngoja. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Jana baada ya ibada ndipo kikao kikaketi, watoto wote watatu kwenye kioo, na Bibi amevaa kilemba chake cha bluu. Wanamwuliza, anawaangalia midomo, anajibu jambo lililoulizwa. Mama Glori alikuja na maneno yake ya Dodoma, hospitali iko karibu, chumba kimepakwa rangi. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha Mama Glori akauliza, "Mama, wewe mwenyewe unataka nini?"

Bibi akasema, "Nilikuwa nangoja mtu aulize."

Akaniambia nigeuze simu dirishani. Pale barabara ya kwenda mnadani inaonekana yote. "Hapa nikilala naona nani kapita na mbuzi, na nani karudi bila mbuzi. Mke wa mwalimu jana kapita mara mbili na viatu tofauti. Huko kwako dirisha linatazama ukuta wa jirani, nimelala pale, nalijua. Nataka dirisha langu, na nataka Stazia anipikie, hata kama chumvi anatupia kama anapanda mtama."

Hakuna aliyebisha. Mama Glori alicheka huku anajifuta, akasema basi, atakuja yeye kumwona mwezi ujao, na mimi niendelee. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikashukuru, macho wazi.

Sasa Bibi anataka kuifumia rauta kitambaa. Bwana Hamisi alinionya nisiifunike, itapata joto. Tumekubaliana kitambaa kikae chini yake, na kile cha betri kimerudi mahali pake.

Dada, neno langu kuhusu mama ndilo hili. Kabla kaka Filbati hajaja, kaa naye kitako, mbele yake, akuone vizuri. Muulize anataka nini. Ukishauliza unyamaze, usimsaidie kujibu. Akisema Tabora, mimi nitamfumia sweta la safari. Akisema hapo hapo, mwambieni kaka kwamba Stazia naye yuko upande wa mama, na zile pesa za nauli atengenezee paa, ili nawe uache kuniandikia habari zake.

Nisalimie shemeji, mwambie kisu chake bado nakitumia. Msalimie mama mdogo anayetuuzia dagaa, na katekista wetu, aniombee. Mama msomee barua hii polepole. Pale pa Bibi na viatu vya mke wa mwalimu, msomee mara mbili.

Mungu awatunze.

Ni mimi mdogo wako,
Anastazia