Bima ya Gari Uliloniachia

Baba,

Jana nimepata bima. Karatasi tatu zenye muhuri. Nilikaa nazo ndani ya gari nikalia mpaka jirani akaja kugonga kioo, akauliza kama nimefiwa tena. Nikamwambia hapana, ni bima tu. Aliondoka akitikisa kichwa.

Ni mwaka mmoja na miezi miwili sasa tangu tukuzike, na sijapata mtu wa kumpigia kelele. Mumbere, mwanao mkubwa, atasema ninalichafua jina lako. Basi kelele hizi ni zako. Nakuandikia kwa Kiswahili, ile lugha uliyorudi nayo kutoka jeshini. Nyumbani tulisema Kikonzo, lakini ukipanda gari tu ilikuwa "Macho mbali!" na "Kioo, Kabugho, kioo!" Mpaka leo nikiwasha injini nafikiri kwa Kiswahili chako.

Nakumbuka uwanja wa ndege wa Kasese, mahali ambapo mbuzi walikuwa wengi kuliko ndege. Ulinisimamishia madumu mawili ya njano, ukaniambia nirudi nyuma nipite katikati. Siku nne niliyagonga. Siku ya tano nilipita bila kuyagusa. Ukashuka, ukayasogeza yakakaribiana zaidi, ukasema, "Haya, sasa tunaanza." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sidhani kama nimewahi kumpenda mtu kama nilivyokupenda asubuhi ile. Ulipofungua shule yako ya udereva, jina langu lilikuwa kwenye kibao chini ya lako. Wanawake walikuja kwa ajili yangu, kwa sababu waliogopa kufokewa na wewe, Afande.

Halafu ikaja ile Jumapili ya posa ya binti wa shangazi, kule Bwera.

Sitasema uongo, Baba. Nilikunywa bia chupa mbili. Zako sikuzihesabu. Tulipoondoka saa kumi jioni nilipaswa kukunyang'anya ufunguo, au sote wawili tulale kwa shangazi. Hilo ni kosa langu na sikutupii. Lakini ulishika usukani wewe, nami nikakaa pembeni nikisinzia. Karibu na njia panda ya Kikorongo ukaona magari yamepanga foleni, na askari wa trafiki wamesimama na kile kifaa chao cha kupulizia, cha kupima pombe, kawunyemu. Ukaegesha nyuma ya lori la pamba lililoharibika.

"Badilisha," ukasema.

"Baba, hata mimi nimekunywa."

"Wewe umekunywa kidogo. Mimi wakinishika, shule imekwisha. Nani ataleta mtoto wake kwa mwalimu mulevi? Wewe ni mwanamke, watakuonea huruma. Badilisha. Hii ni amri."

Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilikuwa na mtoto wangu mwenyewe, Masika, aliyekuwa ananisubiri nyumbani. Nikashuka kama kuruta, nikazunguka kwa mbele, wewe ukazunguka kwa nyuma. Hatukutazamana.

Hawakunionea huruma. Nilipuliza, askari akasoma, akanionyesha namba zenyewe. "Madam, shuka." Halafu akainama akakuangalia wewe. "Mzee, huyu ni nani yako?"

"Ni binti yangu."

"Sasa kwa nini hukumukataza?"

Ukasema, "Hasikiagi."

Neno hilo moja. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Ningeweza kuelewa hofu yako. Hata ile amri ningeielewa. Lakini hakuna aliyekuomba uongeze hilo neno.

Mahakamani nilisema ni kweli, nilikuwa ninaendesha. Leseni ikachukuliwa mwaka mzima, na faini ukailipa wewe siku hiyohiyo, haraka, kama mtu anayelipia soda. Ulikuwa umevaa suti yako ya kijivu. Nje, mzazi mmoja wa wanafunzi wako akakushika mkono akakwambia, "Pole sana, Afande. Watoto wa siku hizi." Nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka hapo. Ukamjibu, "Kweli kabisa. Watoto wa siku hizi."

Wiki iliyofuata ukamwita mchoraji afute jina langu kwenye kibao. Ukaniambia, "Wazazi wanauliza maswali. Subiri ipoe kwanza." Nikasubiri. Nikawa napika maandazi kwa Mama, nayapeleka sokoni kwa miguu. Wale wanawake niliowafundisha walikuwa wakinipita na magari yao. Wengine walipunguza mwendo ili wanisalimie, wengine waliongeza. Kila usiku nilikuwa nikijiambia, kesho Baba ataniita pembeni. Hukuniita.

Ulianguka bafuni, na leseni yangu ilikuwa bado miezi mitatu irudi. Siku tatu hospitalini Kilembe hukuweza kusema. Mkono wa kushoto tu ndio uliokuwa ukisikia. Siku ya pili uliushika wangu ukauminya kwa nguvu, macho yako yakiwa kwangu. Nimeugeuza mminyo ule kila upande, Baba. Usiku mmoja nasema ulikuwa unaniomba msamaha. Kesho yake nasema huenda ulikuwa unataka maji tu. Hukuniachia cha kushika.

Kwenye mazishi mchungaji alisema uliendesha magari maisha yako yote na leseni yako haikupata doa hata moja. Watu wakaitikia amina. Mimi nikainama nikajifanya nafunga kiatu.

Mashamba ya kahawa uliwaachia wavulana. Kwenye karatasi yako uliandika kwa mkono wako mwenyewe, "Gari ni la Kabugho." Hukuongeza hata neno. Mumbere alishangaa, akasema mzee alikuwa na moyo mkubwa, kumpa gari mtu aliyehukumiwa kwa ulevi.

Ulitufundisha alama zote za barabarani, lakini fomu hukutufundisha. Leseni iliporudi nilisikia kuwa kliniki moja ya binafsi huko Bwera inatafuta gari la kushusha wajawazito kutoka milimani. Kazi ya kila siku, ya heshima. Sharti lao lilikuwa bima kubwa. Ile ndogo ya lazima, ya stika kwenye kioo, inauzwa kwa kila mtu. Bima kubwa ina fomu, na ndani ya fomu kuna swali: je, dereva amewahi kuhukumiwa kwa kuendesha akiwa amelewa?

Ofisi ya kwanza nilijibu ndiyo. Kijana wa tai akapiga hesabu, akanigeuzia mashine nione mwenyewe. Nilicheka. Kwa bei ile ningekuwa nawafanyia kazi wao mwaka mzima, mimi na gari langu. Ofisi ya pili hawakupiga hata hesabu. Dada wa pale aliirudisha fomu kwa ncha za vidole, akaniambia, "Hatuchukuagi watu wa namna hii." Watu wa namna gani, Baba? Niliuliza. Alimwita mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Ya tatu ilikuwa Bwera, karibu na mpaka. Wakala wake alikuwa bwana mmoja wa Butembo, mpole, mwenye miwani na Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akafunika fomu kwa kiganja.

"Mama, usijisumbue. Andika kaka yako ndiye shoferi. Yeye iko na leseni safi. Batu beko wengi banafanyaka vile."

"Na nikipata ajali nikiwa mimi ndiye ninayeendesha?"

"Ukipata ajali, mutabadilisha viti kabla polisi hayafika."

Alisema vile tu, kama anavyowaambia wote. Mimi nikashika ukingo wa meza. Lakini usifikiri nilikataa palepale. Nilirudi Kasese nikamwomba Mumbere, akakubali, akatia na sahihi. Nilikaa na fomu ile wiki nzima. Kazi ya kliniki ilikuwa inaningoja. Kila nilipoifungua niliona jina la mtu mwingine mahali ambapo mimi ndiye ningekaa. Mwisho nikaitia jikoni kwa Mama, kwenye moto.

Mama akaniuliza kwa nini ninachoma karatasi za ofisi. Ndipo nikamwambia yote. Kikorongo, lori la pamba, amri yako. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Nilijua," akasema. "Baba yako aliniambia usiku uleule. Alilia sana."

"Kwangu hakulia."

"Aliona haya."

"Na wewe, Mama?"

Alimenya ndizi mpaka zikazidi sufuria. Kwa hiyo mlikuwa wawili mliojua, mkala maandazi yangu asubuhi zote zile, mkaniangalia natoka na beseni kichwani. Baba, nilifikiri ninakulinda kwa siri yetu sisi wawili. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa peke yangu.

Bima hii nimeipata ofisi ya nne, hapa Kasese, kwa mama mmoja mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza. Nilijibu ndiyo kwenye swali lile, nikajiandaa kusimama. Akasema, "Kaa. Sijamaliza." Akaniuliza ni muda gani umepita, na kama nimewahi kugonga mtu au kitu tangu hapo. Halafu akanieleza polepole: nilete barua ya trafiki kwamba leseni imerudi na hakuna kosa lingine. Nirudie mtihani wa udereva. Gari liandikwe thamani yake ya leo, pamoja na uzee wake wote. Nikubali kwamba likiharibika, sehemu ya kwanza ya gharama ni yangu. Na asiliendeshe mtu mwingine ila mimi. Nikifanya hayo bei itashuka, nami nitailipa kidogo kidogo. Bado ni kubwa kuliko wanayolipa wengine, lakini naiweza.

Basi nikaufanya mtihani, mimi niliyewafundisha nusu ya wanawake wa mji huu. Nilirudi nyuma katikati ya nguzo mbele ya kijana aliyenyoa upara, akaandika "ameweza."

Siku ya kutia sahihi mama yule aliniuliza, si kwa ukali, "Kwani siku ile ulikuwa na nini?"

Nikamwambia, "Nilikuwa na baba yangu."

Alifikiri nasema mambo ya msiba. Akanipa pole, akagonga muhuri.

Kliniki hawakusubiri. Kazi wamempa mtu ambaye wewe unamjua, yule anayenuka waragi tangu asubuhi. Karatasi zake ni safi. Nimemwona akiteremka mlimani na mama mjamzito kwenye kiti cha nyuma, mkono mmoja nje ya dirisha. Mimi nitabeba chumvi kutoka Katwe mpaka soko la Bwera. Chumvi inakula chuma, wewe unajua. Gari lako halitamaliza miaka mingi.

Baba, sikuandika ili nikusamehe. Nilijaribu kuanza hivyo, nikachana karatasi mbili. Mwezi uliopita nililisafisha kaburi lako, nikang'oa majani yote, na mikono yangu ilikuwa na hasira kila jani. Nadhani hivyo ndivyo nitakavyokutunza kwa sasa.

Ninachoweza kukuahidi ni hiki. Masika ameanza kuniomba nimfundishe kuendesha. Nitamfundisha kama ulivyonifundisha wewe, kwa sababu hakuna aliyefundisha vizuri kukuzidi, na hilo nitamwambia. Siku akiuliza kuhusu ile hukumu, nitamwambia hilo nalo, lote, pamoja na chupa zangu mbili. Akiamua kukupenda baada ya hapo, akupende akijua.

Lala salama, Afande wangu. Nitakuja tena majani yakiota.

Binti yako anayesikia,
Kabugho