Mwanamume wa Masasi

Jumapili, 3 Novemba
Nimeshona sare mbili za kwaya. Sindano imevunjika. Simu yangu ya kupangusa bado inaleta yule bwana aliyeketi ukingoni mwa kitanda, kashika kichwa: WEWE MWANAMUME WA MASASI, MKEO ANALALAMIKA? BONYEZA HAPA. Nafunga tangazo, linarudi. Alama ya kufungia ni ndogo kama kichwa cha pini. Nani kawaambia niko Masasi? Na mke mwenyewe hayupo. Yuko Chilangala, Newala, kwa mama yake tangu ajifungue Somoe. Arobaini imepita. Keshokutwa namfuata.

Jumanne, 5 Novemba
Chilangala. Nimempiga mtoto picha. Mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima hatutazamani wala hatusemezani, akaomba kupitia shemeji azione. Simu ikaenda ndani. Mimi nikabaki nje na mjomba wa mke wangu. Huku mjomba ndiye mwenye neno. Ndani kicheko. Halafu kimya. Simu ikarudi imefunikwa kitambaa. Mjomba akaitwa ndani, akatoka, akakohoa. "Baba Somoe, mwenzio atakaa kidogo."
Mpaka lini?
"Tutakuita."
Nimerudi Masasi, kwangu Lisekese, peke yangu. Kosa silijui.

Alhamisi, 7 Novemba
Kifurushi kutoka Chilangala, kwa bodaboda. Mizizi, imefungwa gazetini. Nichemshe, ninywe asubuhi, nisimwambie mtu. Maelekezo hayo kaniletea dereva, kwa hiyo kijiwe kizima kinajua. Wananisalimia kwa upole. Sina homa, sina kikohozi. Nimekunywa. Chungu. Sijui nimepona nini.

Ijumaa, 8 Novemba
Mama Somoe kapiga, ananong'ona. "We Baba Somoe, simu yako imekusema kwa mama!"
Kumbe mama yake alikuwa anamtazama mjukuu, yule bwana wa kitandani akamfunika mtoto. Mkwe husoma kwa sauti, herufi kubwa ndizo anazoziona. Kasoma yote. Kwake simu ya mtu ni kama barua yake: jibu likija, basi kuna aliyeuliza. Mjomba kakata shauri, binti harudi mpaka nipone. Aibu imenishika. Kumweleza mkwe siwezi, mambo hayo hayasemwi hata na wanaosemezana.
Nikamuuliza mke wangu mwenyewe kama analalamika. Kacheka, kakata simu.

Jumapili, 10 Novemba
Nimefuta moja moja programu nilizoweka kwenye simu. Nikafuta ya mpira, bwana yupo. Ya dua, yupo. Nilipofuta ile tochi ya bure, akanyanyuka akaenda zake. Tochi! Siku naiweka iliuliza: Ruhusu? Nikaruhusu, kama mtu anavyomkaribisha aliyepiga hodi. Kujua naishi wapi kunamsaidia nini mwenye kazi ya kumulika?

Jumatatu, 11 Novemba
Mjomba kapita kibandani ninaposhonea kukagua kama nanywa dawa. Shikamoo, marahaba. Naye ana simu ya kupangusa, mpya. Akalalamikia giza la kwao. Ulimi ukanitangulia: "Mjomba, nikuwekee tochi?" Ile ile. Ilipouliza, akabonyeza Ruhusu kwa kidole chake. Nikamtakia safari njema.

Jumatano, 13 Novemba
Mjomba kapiga, sauti ya mtu aliyejificha nyuma ya choo. Simu imemwita MWANAMUME WA NEWALA, na aliyeishika ni dada yake, mkwe wangu. Kasoma yote. Nikamweleza habari za tochi, taratibu, kama mtu aliyegundua asubuhi hii.
"Mshenzi we! Njoo umchukue mkeo. Na hili lidude ulitoe kabla dada hajaweka sufuria ya mizizi jikoni."

Jumamosi, 16 Novemba
Nimewaleta nyumbani. Somoe kalala kwenye mkeka, mama yake anapepeta mchele. Nimewasha simu nijue saa. Tangazo: nepi, na unga wa uji wa mtoto. Tochi nilishaifuta. Mtoto sijamtaja humo popote.
Nimemuuliza Mama Somoe kama kaiambia yeye. Hapana. Kafikiri kidogo. "Labda imemsikia akilia."
Tumeihamishia chumba cha pili. Mpaka sasa tunaongea kwa sauti ya chini.