Maneno Mahali pa Picha ya Nafula

Kwako mwanangu Wandera,

Miguu yako imekufa? Kutoka Lunyo mpaka hapa Tororo mtu hupanda gari asubuhi akafika kabla jua halijawa kali, na wewe tangu tumzike dada yako hujaukanyaga mlango wangu. Akina mama wa mukene, wale wauza dagaa, wanakuja kila juma na makapu yao, wazee kukushinda, migongo inawauma. Simu yako nikiipiga inalia mpaka inachoka yenyewe. Basi nimeamua kukuandikia, maana barua huwezi kuiacha ilie.

Anayeandika ni Taaka, mpwa wako. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asipunguze hata neno. Ameshaanza kununa. Andika.

Hujambo lakini? Ule mguu wako umeacha kuvimba? Mkeo Adikinyi amejifungua salama, au bado analibeba tumbo huku akilima? Kama analima, nitakuja na fimbo. Mihogo ya kando ya kaburi usiing'oe kabla sijafika. Sisi huku ni wazima, ila kifua changu na vumbi la saruji la mji huu hatujapatana.

Tuko chumba kimoja. Taaka akienda kwenye mafunzo yake, mimi nakaanga karanga barazani. Wewe ulisema kwenye matanga, mbele ya watu, kwamba kompyuta ni mchezo, msichana aende Busia akauze mitumba mpakani. Sikukujibu siku ile kwa sababu nilikuwa na mtoto wa kuzika. Sasa nakujibu.

Wanajifunza kutengeneza kurasa, zile ambazo watu wanazisoma kwenye simu. Nilidhani ni kubonyeza tu. Kumbe ni kuandika mstari kwa mstari, na kila unachokifungua lazima ukifunge, kama lango la zizi. Ukisahau lango moja, vyote vilivyo chini yake vinatoka na kupotea. Wiki za kwanza huyu mtoto alirudi macho mekundu kila siku. Wenzake walishika kompyuta tangu shuleni, yeye ameishikia hapa. Usiku anaota anatafuta lango alilosahau kufunga. Huo si mchezo, Wandera.

Mwalimu wao, kijana wa kutoka Malaba upande wa Kenya, aliwaambia kila mmoja atengeneze ukurasa wa mtu anayempenda. Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu kila mmoja atasimama nao mbele ya watu ukumbini. Asiyesimama hapewi cheti. Taaka akamchagua mama yake. Akaandika jina, Nafula. Akaandika kwamba alishona magauni ya gomesi ya maharusi wa nusu ya Lunyo, na kwamba alikuwa anacheka kabla hajamaliza hadithi, mpaka sisi tunaosikiliza hatujui kilichomchekesha. Akapanga rangi. Akaweka mahali pa picha. Na pale pa picha, kila akifungua, kunatokea kisanduku kitupu chenye alama kama karatasi iliyopasuka.

Mwalimu akainama kumsaidia. "Umekosea jina la picha." Akaangalia, jina liko sawa. "Basi umeiweka pasipo pake." Akatafuta kila mahali, wenzake wamesimama nyuma yao wanatazama. Mwishowe mwalimu akamuuliza, "Taaka, hebu niambie, hii picha yenyewe iko wapi?"

Akasema, "Iko Lunyo, mwalimu. Kwa sanduku la mjomba."

Darasa zima likacheka. Mmoja akamwambia, "Kumbe mjomba wako ndiye seva." Seva nimeelezwa ni mashine iliyoko mbali, inatunza vitu vya watu na kuwapa wanapoviomba. Aliponisimulia nilicheka mimi pia. Halafu nikaacha kucheka, maana hiyo mashine ikiombwa inatoa.

Sisi tulikuomba. Tulimtuma mtoto wa katekista na simu yake nzuri aje aipige hiyo picha hapohapo, dakika moja, asiondoke nayo. Ukamwambia sanduku halifunguliwi.

Basi kwa aibu ile Taaka akatafuta kwenye mtandao picha ya mwanamke yeyote, akaipachika. Akaniletea nione. Mwanamke ana meno meupe, hereni kubwa, ananichekea. Nikasema, "Huyu nani?" Akasema, "Ni wa kushikilia nafasi tu, Kukhu." Nikamwambia amtoe kabla chakula hakijaiva. Mama yake hawezi kulala Lunyo kwenye udongo halafu mgeni akalivaa jina lake Tororo. Alilia, nikamwacha alie, ugali tukaula umepoa.

Kesho yake mwalimu akamfundisha jambo ambalo wengine hawakulijali. Kumbe kuna mahali pa kuandika maneno yanayosimama badala ya picha, picha ikikosekana. Tena asiyeona kwa macho, mashine humsomea maneno hayo akajua kilichopo. Taaka akaja, akaketi kitandani na ile kompyuta ya kuazima magotini, akasema, "Kukhu, niambie mama yuko vipi kwenye ile picha."

Hilo ninaliweza, nikafikiri. Nikaanza. Ni mweusi, ule weusi unaong'aa. Ana mwanya mbele. Kichwa amekilaza kidogo kama mtu anayesikiliza wanaozungumza nyuma ya mlango. Ana kovu juu ya jicho, alipoanguka kwenye baiskeli.

"Jicho la kulia au la kushoto, Kukhu?"

Mimi niliyemzaa, Wandera. Mimi niliyeliosha lile jeraha kwa maji ya chumvi huku akinipiga mateke. Sikujua. Nikamuuliza Taaka, wewe hukumbuki? Akasema akifumba macho anamwona mgonjwa tu, uso umevimba, wa siku za mwisho. Ule wa kabla ya hapo hauji.

Tukakaa hivyo, bibi na mjukuu, hakuna anayejua.

Nikamuuliza, lakini si wewe uliyeibeba picha mbele ya jeneza? Akasema, "Niliibeba, Kukhu. Uso ulikuwa unatazama watu." Na ni kweli, ndivyo tunavyofanya. Waombolezaji wote wa Lunyo walimwona Nafula siku ile. Mwanawe aliona kadibodi ya nyuma na misumari yake. Tulipomaliza kufukia, wewe ukaichukua, ukaiviringisha ndani ya gomesi yake, ukaifungia sandukuni.

Sasa huyu ameacha kuandika, anajifuta. Ameniambia bila picha hasimami ukumbini. Nimemgombeza, nimembembeleza, hasikii. Ni mbishi kama mama yake.

Mwanangu, sidhani una roho mbaya. Nakujua. Huyu mtoto anatembea kama Nafula, anakohoa kama Nafula, ndiyo maana hutaki kumwona. Na ile baiskeli ulikuwa unaiendesha wewe. Ulikuwa mtoto, hakuna aliyekulaumu, naye Nafula mwenyewe alikuwa analionyesha lile kovu kama pambo. Lakini najua wewe hujasahau ni jicho lipi. Katika nyumba yetu umebaki peke yako unayejua. Usikae na jambo hilo kama mwizi na kuku.

Msalimie Adikinyi mkeo, umwambie apumzike. Msalimie katekista, na mwanawe uliyemfukuza umwombe radhi. Msalimie shemeji yangu mwenye ng'ombe mmoja na maneno mengi. Barua hii anakuletea mama wa mukene anayetoka Masinya. Usimpe jibu la mdomo.

Njoo kabla ya Ijumaa hiyo. Njoo na picha, usiitume kwa mtu. Ukifika usianze na habari za mvua, wala usinipe mimi kwanza. Kunjua gomesi, mwite Taaka, umpe picha mkononi. Na unapompa, Wandera, igeuze. Uso umtazame yeye.

Mama yako anayekungoja barazani.